Mashine ya mkate ya nyumbani: kabla hujatoa hela, pima hivi kwanza (kwa sisi wa Tanga)

Haupiti mwezi bila mtu kuniuliza, shoga ile mashine yako ya mkate, na mimi ninunue? Na kila mara namjibu vilevile, kabla hujaniuliza mimi kawaulize watu wa nyumbani kwako asubuhi wanakunywa chai na nini. Mana mashine yenyewe si mbaya, mimi naipenda kwelikweli, lakini nimeshaziona nyumba tatu hapa hapa Tanga ile mashine imefunikwa kanga juu ya kabati, mwaka wa pili haijawashwa, na hela iliyokwenda pale si hela ya mchezo, ni ada ya mtoto ile. Inaniuma. Kwaiyo nimeona niandike yote kwa mpangilio, hatua moja moja, ukifika mwisho utakuwa umejijua kama ni wa kununua au si wa kununua.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kwa karibu, ile ni boksi lenye mfuniko, ndani kuna sufuria moja inayotoka, chini ya sufuria kuna kidude cha kukandia kinazunguka, na pembeni kuna koili ya moto. Unatia maji, unga, sukari, chumvi, mafuta na hamira, unachagua programu, unafunga. Yenyewe inakanda, inapumzisha donge, inakanda tena, inaacha linaumuka, inalizungusha kidogo kutoa upepo, linaumuka tena, alafu inaoka. Mkate wa kawaida unachukua saa 3 mpaka 4, zipo programu za haraka za saa 1 na nusu au 2 lakini mkate wake unakuwa mzito, mimi siupendi. Ndo hivo, hakuna uchawi mwingine.

Hatua ya 1: andika asubuhi zenu kwa wiki mbili

Usiruke hii hatua hata kama unajiona unajijua. Chukua daftari la mtoto, kila asubuhi andika mmekunywa chai na nini, basi. Mimi kabla sijafanya hivi ningekuapia kabisa kwamba kwangu ni mkate kila siku. Nilivyoandika siku 14 ikatoka hivi: mkate wa slesi siku 5, mihogo ya kuchemsha na nazi siku 3, mahamri siku 3, chapati siku 2, na siku moja tulipasha kiporo cha wali wa usiku. Sisi watu wa pwani ndo tulivyo, mkate tunao lakini haujatushika shingo.

Sasa iangalie ile hesabu vizuri. Mkate ni siku 5 tu kati ya 14, ungeniambia mashine ya nini. Lakini mahamri 3 na chapati 2 nazo ni unga wa ngano, nazo zinakandwa, kwaiyo asubuhi za kukanda unga ni 10. Hapo ndo nikaelewa kitu ambacho wauzaji hawakisemi, kwamba watu wengi wa huku mashine hii hawaihitaji kwa ajili ya mkate, wanaihitaji kwa ajili ya KUKANDA. Karibu zote zina programu ya donge peke yake, inakanda na kuumua alafu inasimama bila kuoka, unatoa donge lako unaenda kukata mahamri. Mimi programu hiyo ndo inayofanya kazi kuliko zote.

Kwaiyo kwenye daftari lako weka alama mbili, siku za mkate na siku za unga wa kukanda. Kama zote mbili kwa pamoja hazifiki siku 5 au 6 kwa wiki mbili, acha, hela yako ina kazi nyingine, wala huna haja ya kuendelea kusoma.

Hatua ya 2: oka mikate mitatu kwa mkono

Najua utasema sasa si ndo kazi ninayoikimbia. Sawa, lakini lazima ujue unakimbia kipi. Fanya mara tatu, siku tofauti:

Unga wa ngano gramu 500, maji mililita 300, hamira ya chenga kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari vijiko 2 vya chakula, mafuta vijiko 2. Kanda dakika 12 mpaka 15, bila kujionea huruma, mpaka ukivuta kipande kinakuwa chembamba kama ngozi na mwanga unapita bila kuchanika. Funika. Kwa joto letu dakika 45 tu limeshaumuka likawa kubwa mara mbili, toa upepo, lisokote uliweke kwenye kopo ulilopaka mafuta, liache tena nusu saa. Kama huna oveni weka mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, pasha, weka kopo lako ndani, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyokuwa wanapalia. Dakika 35 mpaka 40.

Ukimaliza wa tatu jiulize kilichokuchosha ni kipi.

Kama ni kukanda, mikono inauma, vidole vinakaza, basi mashine ni yako. Mama yangu vidole vyake vya mkono wa kulia havikunji vizuri tangu alipougua baridi yabisi, na yeye ndo aliyekuwa mwalimu wa mahamri mtaa mzima, alifika mahali akaacha kabisa na akawa mnyonge, yani unamuona anatazama unga anageuka. Siku ya kwanza mashine ilipomkandia, yeye akakata na kukaanga mwenyewe, alikaa jikoni mpaka saa 5 anasambazia majirani. Mimi hilo peke yake lilinitosha, hata kama isingeoka mkate hata mmoja.

Kama kilichokuchosha ni moto, makaa, moshi, kuungua chini kubichi juu, basi tatizo lako ni oveni sio mashine. Oveni ndogo ya mezani itaoka mkate na keki na samaki na viazi, mashine inaoka mkate tu. Na kama kilichokuchosha ni kusubiri, yani huwezi kutoka nyumbani kwa muda wa saa 3 kwa ajili ya donge, hapo mashine inasaidia sana kwasababu haikuhitaji uwepo. Na kama umekanda mara tatu ukafurahi, ukaona inakupumzisha akili, jamani endelea kukanda kwa raha zako.

Kuna habari moja naipenda kuhusu hizi mashine. Zilianzia Japan miaka ya 1980, kampuni ya Matsushita, hii tunayoijua leo kwa jina la Panasonic. Mafundi wake walihangaika, mkate unatoka umeungua nje na ndani mbichi. Mwanamama mmoja wa pale kwenye kampuni, Ikuko Tanaka, kazi yake ilikuwa programu za kompyuta, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka iliyokuwa inasifika kwa mkate. Akagundua yule mwokaji akikanda hasukumi tu, anavuta na kusokota. Wakarudi wakaongeza mbavu ndani ya sufuria ya mashine ili donge linaswe, livutike na kujisokota, na ndo mkate ukakaa sawa. Kwaiyo hata waliotengeneza kilichowasumbua ni mkono wa mkandaji. Ukienda kununua chungulia ndani ya sufuria, zipo zenye hizo mbavu au kona, usikubali iliyo laini pande zote kama glasi, donge linazunguka tu halikandiki.

Hatua ya 3: piga hesabu ya hela, kwa bei za mtaani kwako

Bei zinabadilika na mimi sijui ya kwenu, kwaiyo nakupa mfano uweke namba zako. Tuchukulie unga kilo ni 2,000. Mkate wa mashine unakula gramu 500, hiyo 1,000. Hamira weka 250, sukari 75, mafuta au siagi 200, umeme 150. Jumla kama 1,675, na unapata mkate wa gramu 750 hivi. Tuchukulie dukani mkate wa gramu 400 ni 1,300, basi gramu 750 za dukani ni kama 2,440. Unaokoa kama 750 kwa mkate mmoja.

Sasa tuseme mashine umeipata kwa 300,000. Gawanya kwa 750, ni mikate 400 ndo hela yako imerudi. Ukioka mitatu kwa wiki ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Ukioka kila siku ni miezi 13. Na hapo sijahesabu unaoharibika, na mwezi wa kwanza inaharibika, jipange. Alafu ukizoea utaanza kutia maziwa, mayai, zabibu, ufuta, na hapo mkate wako ni ghali kuliko wa dukani, usijidanganye.

Kwaiyo ukiniambia nanunua ili nibane matumizi nitakuuliza mpo wangapi. Nyumba ya watu 7 au 8 wanaokula mkate kila siku, ndiyo, unabana. Wawili na mtoto mmoja, hapana. Ila kuna sababu nyingine ya maana ambayo haiko kwenye hela, nayo ni kujua ulichotia. Kwangu kuna mgonjwa wa sukari, mkate wake natia unga wa ata (ngano isiyokobolewa) nusu kwa nusu na sukari kijiko kimoja cha chai tu cha kuamshia hamira, chumvi napunguza kidogo. Bado ni wanga na bado anakula kwa kipimo alichopewa hospitali, mkate wa nyumbani sio dawa, lakini angalau najua kuna nini ndani.

Hatua ya 4: umeme, hapa tulia usome pole pole

Hapa ndo nilipoumia. Mashine yangu ya kwanza ilitoka Marekani, mpya, kwenye boksi lake, bei nzuri, na aliyeniuzia akanihakikishia nikiweka adapta tu inatosha. Nikaichomeka, kidude kikazunguka kwa kasi ya ajabu, harufu, moshi, kimya. Hata dakika mbili hazikufika. Kumbe ile ilikuwa ya volti 120 na huku kwetu umeme ni volti 230. Adapta inabadilisha umbo la plagi tu, volti haigusi! Ukitaka kuitumia ya volti 120 unahitaji transfoma ya kushushia umeme inayobeba wati zaidi ya za mashine, nayo ni nzito, inachukua meza na ni gharama nyingine juu. Za Japan ndo zaidi, kule wanatumia volti 100.

Kwaiyo geuza mashine, soma kibandiko cha chini au nyuma. Iandikwe 220-240V, 50Hz. Mtumba wa Uingereza na zile za Dubai zinakaa sawa, na plagi ya Uingereza ni hii hii yetu ya meno matatu bapa. Kibandiko kimefutika? Iache hapo hapo ilipo.

Matumizi yake sio makubwa. Nyingi ni wati 450 mpaka 700 na moto wenyewe unawaka kwa nguvu ile saa moja ya kuoka, kukanda ni mota ndogo tu, mkate mmoja unakula kama uniti 0.4. Oveni kubwa ya umeme ya wati 2,000 ukihesabu na kuipasha inakula uniti moja na nusu bila shida. Kwa tarifu ya kawaida ya TANESCO uniti na kodi zake ni kama 356, ndo mana nikasema mkate mmoja weka 150. Lakini kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya majumbani, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambayo uniti ni 100 kabla ya kodi, hesabu vizuri, mikate 3 kwa wiki ni kama uniti 5 kwa mwezi. Kama kawaida yako ni 60 uko salama. Kama uko 72, zitakazozidi 75 utazilipia 350 kila moja kabla ya kodi.

Alafu kukatika. Mashine nyingi zina kumbukumbu, umeme ukikatika ukarudi ndani ya dakika 10 au 15 inaendelea ilipoishia, lakini za bei ya chini nyingine hazina kabisa, umeme ukicheza sekunde moja inaanza upya. Uliza hili dukani, na usiridhike na maneno, mwambie muuzaji aiwashe, ikianza kukanda achomoe ahesabu dakika 2 achomeke tena. Ikiendelea, sawa. Umeme ukikatika jumla wakati donge linaumuka usiogope, litoe umalizie na makaa kama hatua ya 2, ndo faida ya kujifunza kwa mkono. Ukikatika katikati ya kuoka ndo mbaya, ukirudi haraka washa programu ya kuoka peke yake, ukichelewa huo mkate ukaushe kwenye moto mdogo ufanye toasti.

Na muhimu, usiichomeke moja kwa moja ukutani kama mtaa wenu umeme unapanda na kushuka. Ile kinga ya friji yenye kuchelewesha umeme ukirudi, nunua na ya hii, ubao wake wa ndani ukiungua fundi anakuambia bora ununue nyingine.

Hatua ya 5: jua isichoweza

Hii nafupisha lakini isome. Mkate wa kumimina, ule wetu wa mchele na tui, haiwezi, ule ni uji unaumuka na kuokwa kwenye sinia, haukandwi. Mkate wa mofa haiwezi. Ramadhani ikifika ukitegemea mashine ndo ijaze sinia la futari utahuzunika. Inachoweza ni donge: boflo, skonzi, mahamri, donge la piza, chapati pia.

Na wale wanaoniuliza kwa ajili ya biashara, dada zangu mnaouza mahamri asubuhi Ngamiani na kule stendi ya Kange, hii SIO yenu. Inabeba unga gramu 500 mpaka 600 kwa mara moja, donge moja saa moja na nusu. We unakanda kilo 5 kabla ya adhana ya alfajiri. Ukiilazimisha mota inachemka na mkanda wa ndani unakatika. Weka hela kidogo kidogo ununue mashine ya kukandia yenye bakuli kubwa, hata ya mtumba, itakulipa.

Hatua ya 6: azima

Kama nilivyosema, ziko juu ya makabati ya watu. Muulize wifi, muulize jirani, uliza kwenye kundi la harusi la WhatsApp, haikosi mmoja. Ikae kwako wiki mbili. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamu, watoto wanachungulia kwenye kioo, usiihesabu hiyo. Wiki ya pili ndo inasema ukweli, ukijikuta Alhamisi bado unapima unga bila kukumbushwa, wewe ni wa kununua. Ukijikuta umemtuma mtoto dukani akalete slesi na mashine iko pale mezani, mrudishie mwenyewe na shukrani na sahani ya kitu, umeokoa laki tatu.

Na angalia pia mahali. Inahitaji meza imara mana wakati wa kukanda inatembea yenyewe, nafasi ya hewa pande zote, na iwe mbali na dirisha. Wanaokaa Raskazone na kule karibu na bahari wanajua chumvi inavyokula vyuma, ukiacha wazi ile shafti ya chini inashika kutu, kidude hakitoki tena.

Hatua ya 7: siku ya kununua

Kama ni mpya, hakikisha kuna kidude cha kukandia (fungua uone kwa macho, kidogo kile, kinapotea), kikombe cha kupimia, kijiko chake, na kitabu chenye lugha unayoisoma. Uliza kidude na sufuria ya akiba zinapatikana wapi, hivyo viwili ndo vinavyokufa kwanza. Waranti iandikwe kwenye risiti. Ukiagizia Dar au Zanzibar ije kwa basi au boti, mwambie aijaribu kwa video kwanza, ikiwa inazunguka, na kibandiko cha volti kionekane.

Kama ni mtumba fanya hivi. Toa sufuria, mimina maji nusu, iache juu ya karatasi kavu dakika 10, karatasi ikilowa sili ya chini imekwisha, maji yataingia kwenye mota. Zungusha shafti kwa mkono, iwe nyepesi bila kukwaruza. Pitisha kidole kwenye rangi ya ndani ya sufuria, ile ya kuzuia kushika, kama inabanduka mkate utashika kila siku na utakula magamba, achana nayo. Iwashe programu ya kuoka peke yake dakika 5, sogeza mkono, usikie joto. Ukubwa chukua inayooka mpaka gramu 900, kwa sababu kubwa inaweza kuoka mdogo, ndogo haiwezi kuoka mkubwa.

Hatua ya 8: ukishaileta nyumbani, ishi nayo kwa hali ya hewa ya Tanga

Vitabu vyake vimeandikwa kwa nchi za baridi, vinakuambia tia maji ya vuguvugu. Usitie. Kuanzia Disemba mpaka Machi jikoni kwetu ni nyuzi 32 na zaidi, mota nayo inaongeza joto, donge linaumuka haraka mpaka linazidi, alafu linabonyea katikati likianza kuokwa, unatoa mkate wenye shimo juu kama bakuli. Wengi hapo ndo wanasema mashine mbovu. Tia maji ya friji, punguza hamira robo, kama kitabu kinasema kijiko kimoja na nusu tia kimoja na kidogo. Tatizo linaisha.

Mpangilio wa kutia, fuata kitabu cha mashine yako, nyingi ni maji kwanza, unga juu, hamira kwenye kishimo kilele cha unga, chumvi pembeni mbali nayo. Dakika ya 7 au ya 8 fungua mfuniko utazame, usiogope, wakati wa kukanda kufungua hakuna madhara. Unataka donge la duara, laini, linashika chini kidogo tu. Likiwa kama uji ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Likiwa linagonga gonga kama jiwe ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Masika unga wetu unakuwa umeshanyonya unyevu wa hewa, mimi napunguza maji vijiko viwili tangu mwanzo. Hii ya kutazama donge ni muhimu kuliko resipe yoyote utakayopewa, na mimi huwa nasimama pale hata nikiwa na haraka.

Unga, soma nyuma ya pakiti sehemu ya protini, ukipata wa gramu 11 na kuendelea kwa kila gramu 100 mkate unasimama vizuri, chini ya hapo unatoka kama keki. Hamira ukishafungua pakiti iweke kwenye kichupa cha kufunga ndani ya friji. Ukiitilia shaka weka kijiko kwenye maji ya vuguvugu na sukari, dakika 10 isipotoa povu itupe.

Ile taima ya kuweka usiku ukaamka mkate tayari ni tamu lakini iwe maji matupu. Usiweke tui wala maziwa wala mayai ukaenda kulala, tui linachacha kabla hata mashine haijaanza.

Mkate ukiisha usiuache ndani, mvuke unalowanisha maganda. Utoe, ugeuze, chomoa kidude cha chini kwa kijiti cha mti na sio kwa kisu cha chuma, kisu kinachuna. Uache saa moja juu ya wavu kabla ya kukata, najua harufu inatesa na watoto wamesimama, lakini ukikata wa moto unabonyea unakuwa kama ugali ndani. Mkate huu hauna dawa ya kuzuia ukungu kwaiyo kwa hali yetu siku ya tatu unaanza kubadilika. Ukate slesi siku hiyo hiyo, za kesho zifunge, zilizobaki friza, asubuhi unatoa unapasha kwenye kikaango.

Na mahamri, nisikunyime. Unga gramu 500, tui zito la baridi mililita 250, sukari gramu 90, hamira kijiko kimoja na robo cha chai, iliki ya kutwanga kijiko kimoja, chumvi kidogo sana. Programu ya donge. Tui halilingani, lipo zito na lipo jepesi, kwaiyo dakika ya 8 chungulia kama nilivyosema. Likitoka gawa vinyunya vinne, sukuma, kata pembe nne, yaache dakika 15 juu ya unga, alafu kwenye mafuta ya moto uyamwagie mwagie juu yafure. Chapati je? Bila hamira, iache ikande dakika 15 tu, zima, funika donge nusu saa, endelea na mkono wako.

Ukiwa na swali la volti nitumie picha ya kibandiko kabla hujalipa, sio baada.